Kaki Ukutani na Macho ya Mama

Siku fundi alipomaliza kupaka rangi chumba cha mbele katika nyumba ya Mama, majirani waliokuja kutazama walinyamaza kwa kitambo. Kisha mmoja wao, mzee aliyepata kuvaa sare katika ujana wake, akacheka na kusema, "Afande ameihamishia kambi huku." Nami nilicheka, ingawa maneno yale yalinichoma kidogo. Rangi iliyokuwa ukutani ilikuwa kaki, na kazi yangu ni ya jeshi. Ni nani angeniamini kwamba sikuichagua kwa mazoea ya kambini? Ukweli ni kwamba niliichagua kwa ajili ya macho ya Mama, na kwamba mara ya kwanza niliichagua vibaya.

Nyumba yenyewe imo kilimani, nje kidogo ya mji wa Masaka, mwendo mfupi tu kusini mwa Ikweta. Ina vyumba vinne, paa la bati, sakafu ya saruji, na ua wa udongo mwekundu ambao hufagiliwa kila asubuhi. Ilipojengwa tuliipaka ndani rangi nyeupe ya mafuta, ile ing'aayo, kwa sababu tulidhani kuwa weupe ndio usafi, na kwa sababu rangi ya mafuta hufutika kwa kitambaa chenye maji. Miaka ilipita bila mtu kulalamika. Kisha Mama akaanza kuketi ameukabili ukuta wa nyuma, akiwapa wageni mgongo, mwanamke ambaye tangu utoto wetu alitufunza kwamba mgeni hapewi mgongo. Tulidhani ni uzee. Wengine tulidhani amekasirika. Kumbe alikuwa akiukimbia mwanga.

Daktari wa macho alipomtazama alisema kwamba ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Ugonjwa huu ndio unaoongoza duniani kwa kuwatia watu upofu, nao hutibika kwa upasuaji. Lakini zamu ya upasuaji ilikuwa ya kungojewa, na katika kungoja huko Mama alikuwa na nyumba ya kuishi. Lenzi ya jicho iliyoingia ukungu haizuii mwanga tu, bali huutawanya, mfano wa kioo cha gari kilichojaa vumbi wakati dereva anapolielekea jua la jioni. Chumba cha mbele kinatazama magharibi. Kuanzia saa kumi alasiri jua lilikuwa likiingia dirishani, likiupiga ule ukuta unaong'aa, na ukuta ukilirudisha usoni pa Mama sawasawa na kioo. Sisi wenye macho mazima tulikuwa tukikisifu chumba kwa kuwa na mwanga.

Hapo ndipo fikira ya kaki iliponijia. Yafaa tuelewane kwanza ni kaki ipi ninayoisema. Siyo ile inayokaribia kijani, ambayo watu wengi huifikiria wanaposikia habari za askari. Nasema ile kahawia iliyopauka, yenye umanjano wa kutosha na wekundu kidogo sana: rangi ya ganda la mkate ulioiva, ya mkeka mkuukuu wa ukindu, ya kibuyu kilichotumika miaka miwili. Neno lenyewe lina asili ya Kiajemi, na maana yake ni "ya vumbi"; likapita katika Kiurdu, likaingia jeshini kwa njia ya kikosi cha Guides kilichoundwa na Harry Lumsden huko Peshawar mwaka 1846. Nguo nyeupe za askari zilitiwa rangi ili zifanane na ardhi ya huko. Kufikia mwaka 1902 jeshi zima la Uingereza lilikuwa limeifanya kaki kuwa sare ya kazi, na kutoka kwao ikafika kwetu. Sababu ile ile iliyoifanya kaki ifae vitani ndiyo inayoifanya ifae katika nyumba yenye ua mwekundu: kaki haigombani na vumbi. Ukuta mweupe huonyesha kila kidole cha mtoto aliyetoka kucheza nje. Ukuta wa kaki huvumilia.

Lakini mtu asidhani kwamba rangi hii ilizaliwa katika ghala la sare. Kinachoipa joto lake ni chuma kilichomo udongoni, yaani kutu ya namna mbalimbali. Kutu yenye maji ndani yake hutoa manjano. Ikichomwa, maji hutoka na manjano hugeuka kuwa nyekundu, jambo ambalo kila mchoma matofali amelishuhudia kwa macho yake. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, wataalamu wa mambo ya kale walikuta makombe ya baharini ambamo watu walisagia na kuchanganyia udongo wa namna hiyo yapata miaka 100,000 iliyopita, na habari za ugunduzi huo zilitangazwa mwaka 2011. Hapa Buganda tunayo lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba, ambayo ufundi wake ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi wa wanadamu. Katika nyumba kubwa ya makaburi ya wafalme pale Kasubi, kabla ya moto wa Machi 2010, pazia la lubugo ndilo lililotenganisha sehemu takatifu na sehemu wanamokaa wageni. Mzee aliyenicheka, nyumbani kwake anayo lubugo sandukuni. Rangi yake ni ndugu wa kaki, ila ina wekundu zaidi. Sikumwambia hayo, mzee hajibiwi mbele ya watu.

Sasa niseme kosa langu.

Nilikwenda katika duka moja la vifaa vya ujenzi mjini, nikapewa kadi ya rangi yenye miraba midogo kuliko kibiriti, nikaitazama chini ya taa ndefu za dukani, nikaweka kidole juu ya mraba ulionipendeza. Muuzaji alichanganya kopo, nikalipa, nikaondoka nikijiona mtu wa maamuzi. Tulipaka ukuta mmoja tu, ashukuriwe Mungu. Ulipokauka, dada yangu aliutazama akasema umefanana na fizi. Na kweli ulifanana na fizi. Ile kaki niliyoipenda kwenye kadi ilikuwa imegeuka waridi iliyochafuka.

Nilirudi kwa muuzaji nikidhani amenipa kopo la mtu mwingine. Alipaka tone la rangi ile juu ya kadi, na vikafanana kabisa. Kopo halikuwa na kosa.

Fundi niliyempata baadaye, sajini mstaafu ambaye amepaka kuta nyingi kuliko ninazoweza kuhesabu, alicheka niliposimulia. "Afande," aliniambia, "rangi haichaguliwi dukani. Duka halina ua." Ilinichukua siku mbili kuyaelewa maneno hayo.

Kaki ya siku hizi hutengenezwa kwa rangi nyeupe ya msingi, ambayo weupe wake hutokana na madini ya titani, kisha hutiwa manjano ya kutu, nyekundu ya kutu kwa kipimo kidogo, na nyeusi kwa kipimo kidogo zaidi. Ni hayo matone ya mwisho yanayoamua kila kitu. Kaki mbili zaweza kufanana kama mapacha kwenye kadi, moja ikiwa imeegemea wekundu na nyingine imeegemea ukijani, na tofauti hiyo isionekane hadi zifike ukutani na kupigwa na mwanga wa mahali pale. Zaidi ya hayo, rangi mbili zilizochanganywa kwa madini tofauti zaweza kulingana chini ya taa moja na kutengana chini ya taa nyingine. Hili ni jambo la maumbile ya mwanga, wala si ujanja wa wafanyabiashara.

Na mwanga wa mahali petu una tabia zake. Vitabu vya mapambo ya nyumba vilivyoandikwa Ulaya husema kwamba chumba kinachotazama kaskazini ni cha baridi na kinahitaji rangi ya joto, na kinachotazama kusini ni kinyume chake. Maneno hayo ni ya kweli kwao, maana kwao jua halikai upande wa kaskazini adhuhuri hata siku moja. Hapa kwetu, ambapo Ikweta inakata barabara ya Kampala na Masaka pale Kayabwe, jua la adhuhuri huelekea kaskazini kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, kisha huhamia kusini kwa nusu ya pili ya mwaka. Mwezi Juni na mwezi Desemba, ambapo limeegemea kupita nyakati nyingine zote, bado halijatoka juu kabisa ya mbingu kwa zaidi ya digrii 24 au karibu na hapo. Kwa hiyo kwetu kaskazini na kusini hazina uzito huo. Kwetu kuna mashariki na magharibi, yaani chumba cha asubuhi na chumba cha jioni. Na katikati ya mchana, chini ya paa lenye upenu, jua lenyewe haliingii ndani kabisa. Linaloingia ni lile lililokwisha kugonga ardhi.

Hili ndilo alilolisema fundi. Mwanga wa mchana ulioingia katika chumba cha Mama ulikuwa umetoka juu, ukaanguka katika ua mwekundu, ukaruka kupita dirishani ukiwa umechukua wekundu wa ule udongo. Kaki yenye tone la ziada la wekundu, ikimwagiwa mwanga mwekundu, itafanya nini ila kuwa fizi? Fundi aliichukua rangi ile ile akapaka ubao, akaupeleka katika chumba cha nyuma, ambacho dirisha lake linatazama migomba. Huko ilipoa ghafla, ikawa kama uji uliolala, kwa maana mwanga wa pale umepita katika majani mabichi na umebeba ukijani. Kopo moja, nyumba moja, saa moja, na rangi mbili.

Zaidi ya mwanga, kuna ujirani. Mfaransa Michel-Eugène Chevreul, aliyekuwa msimamizi wa utiaji rangi katika karakana za mazulia za Gobelins huko Paris tangu mwaka 1824, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Alipozichunguza aliona kwamba nyuzi hazina kasoro. Kilichozifanya zionekane hafifu ni rangi zilizofumwa kando yake. Alichapisha kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1839. Kwa mwenye nyumba maana yake ni hii: kipande kidogo cha kaki kikizungukwa na ukuta mweupe huonekana cheusi kuliko kilivyo, na mtu huogopa akachagua ambacho ni chepesi mno. Ndiyo sababu kujaribu rangi kwa kuchora mstari wa brashi katikati ya ukuta mweupe ni kujidanganya.

Fundi alitafuta vibao vitatu vya mbao laini, kila kimoja kama urefu wa mkono, akavipaka mipako miwili miwili hadi ukingoni. Cha kwanza kilikuwa ile kaki yangu ya fizi. Cha pili kilikuwa na manjano zaidi, wekundu umeondolewa, na tone la nyeusi. Cha tatu kilikuwa katikati. Tulivisimamisha chumba cha mbele tukavitazama saa mbili asubuhi, saa sita, saa kumi na moja jioni, na usiku taa ikiwaka. Siku ya pili tukavihamishia pembeni, mbali na dirisha, tukarudia. Kibao cha pili, ambacho dukani ningekidharau kwa kuwa kilionekana kama haradali iliyochuja, ndicho kilichokuwa kaki ya kweli katika chumba chenye ua mwekundu. Ua ulikiongezea wekundu kiliokosa. Katika chumba cha migomba kilishinda kile cha kwanza, fizi yenyewe, ambayo ukijani wa majani uliituliza ikawa rangi ya ngozi ya ndama. Hivyo kopo nililokuwa nimelilaumu halikwenda bure.

Kabla ya kupaka kulikuwa na kazi ya kuondoa ung'avu wa ile rangi ya mafuta, maana rangi ya maji haishiki juu yake. Ukuta wangu wa kwanza, niliopaka bila msasa, ulibanduka kama ganda la kitunguu. Hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini. Rangi za mafuta za zamani, hasa za manjano na nyekundu zilizo kali, nyingi zilichanganywa na madini ya risasi. Sisi tuliozoea risasi ya bunduki tusijidanganye kwamba hii haiui. Vumbi lake likiingia tumboni mwa mtoto hudhuru ubongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kipimo chake kilicho salama. Kiwango kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa kwa rangi mpya ni kutozidi sehemu 90 katika milioni. Milango ya Mama ilikuwa imepakwa manjano ya mafuta ambayo hakuna aliyekumbuka ilinunuliwa lini. Fundi alikataa kuipiga msasa mkavu. Aliilowesha, akasugua kwa msasa wa maji, akafuta tope kwa matambara akayafunga mfukoni, na wajukuu wakapelekwa kwa shangazi yao kwa siku tatu. Wapo mafundi wanaoona huo ni woga. Mimi naona huo ni uaskari.

Rangi tuliyotumia ilikuwa ya maji isiyong'aa hata kidogo. Ukuta unaong'aa hurudisha mwanga upande mmoja kama kioo. Usiong'aa huutawanya pande zote, na jicho lenye ukungu hupumzika. Ni kweli kwamba rangi isiyong'aa haipendi kusuguliwa, na katika ukumbi mwembamba ambako watoto hupitisha mabega tulilazimika kuweka chini, hadi urefu wa mita moja, ukanda wa rangi ya kahawia nzito inayofutika, kama ilivyo desturi ya majengo ya serikali. Hapo nakiri kwamba kambi iliingia.

Chumba cha mbele kina mita 4 kwa 3 na nusu, na kuta zenye kimo cha mita 2.7. Ukiondoa mlango na madirisha zinabaki mita za mraba kama 36. Kwa mipako miwili ni 72. Na lita moja juu ya lipu laini hufunika yapata mita 10. Tulinunua lita 8, zote zikachanganywa kwa pamoja katika ndoo moja kabla ya kuanza, kwa maana hata makopo yaliyochanganywa siku moja dukani hayakosi kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo hujitokeza katikati ya ukuta. Anayepaka lipu mpya ya saruji na angoje majuma manne ikauke, la sivyo chumvi itatoka nje na kuichora kaki ramani nyeupe.

Dari tuliiacha nyeupe, isiyong'aa. Hili si pambo. Wataalamu huupima mwanga unaorudishwa na rangi kwa pointi, kuanzia 0 kwa weusi mtupu hadi 100 kwa weupe kamili. Rangi nyeupe nzuri hupita 80, na kaki ya wastani huwa karibu na 50. Aliyepaka kaki amekubali kuupoteza mwanga wa ukuta kwa sehemu kubwa, na dari ndiyo inayomrudishia deni. Kwa sababu hiyo hiyo hatukuipaka kaki sehemu ya juu ya ukumbi usio na dirisha. Ningemshauri mwenye chumba chenye giza aiache rangi hii kabisa, hata kama ameiona kwa jirani ikampendeza.

Kazi ilikwisha, majirani wakaja, mzee akasema lake. Saa kumi alasiri ilipofika Mama aliketi akiutazama mlango, na wageni wakaketi mbele yake. Nilikwenda kulala nikiwa mtu mwenye furaha.

Siku ya tatu alijigonga.

Tulikuwa tumepaka kila kitu kaki. Kuta, fremu za milango, hata milango yenyewe, kwa kuwa dada yangu aliona umoja wa rangi unapendeza, nami nikakubali bila kufikiri. Mtu mwenye macho mazima huona ukingo wa mlango kwa kivuli chake. Mama alikuwa haoni vivuli vyembamba. Zamani milango ya manjano, mibaya kama ilivyokuwa, ilimwonyesha njia katikati ya kuta nyeupe, sisi tuliifuta. Alitoka chumbani mapema asubuhi, akapiga bega na upande wa paji la uso katika mwimo wa mlango, akaanguka kwa magoti. Hakuvunjika. Alipoinuliwa alisema maneno ambayo siwezi kuyasahau: "Nyumba hii sasa ni ukuta mtupu, mwanangu. Mmeniondolea milango."

Nilikuwa kazini, nikaarifiwa kwa simu. Nilijua mara moja kosa liko wapi, na ndilo lililonitesa, kwamba nilijua. Katika chuo cha kadeti tulifundishwa miezi mingi jinsi ya kuficha kitu: ondoa tofauti kati yake na kilicho nyuma yake, vunja ukingo wake, na jicho litapita juu yake bila kukiona. Nilikuwa nimefanya kazi hiyo kwa ukamilifu katika nyumba ya mama yangu mzazi.

Miongozo ya ujenzi ya Uingereza kwa majengo yanayotumiwa na watu wenye macho hafifu hutaka tofauti ya pointi 30, katika kipimo kile nilichokitaja, kati ya ukuta na mlango au fremu yake. Kaki yetu ikiwa karibu na 50, fremu ilipaswa kushuka hadi 20 au chini ya hapo. Fundi alirudi akapaka fremu zote kahawia ya kahawa iliyokaangwa, na milango vilevile. Kuzunguka kila swichi ya taa alipaka mraba wa kahawia hiyo hiyo, ili swichi nyeupe ionekane kama jicho. Mahali ukuta unapokutana na sakafu alivuta mstari wa upana wa kiganja. Tuligundua pia kwamba kiti anachokipenda Mama kilikuwa na kitambaa cha kaki, naye alikuwa akikitafuta kwa mkono. Dada yangu alikishonea kitambaa cha buluu. Kazi hii ya pili ilichukua siku mbili na lita mbili na nusu za rangi. Tangu wakati huo hakujigonga tena, na mtu akiniuliza kaki ina kasoro gani, hiyo ndiyo ninayomtajia kwanza: peke yake haina kingo.

Kilibaki kisa cha taa. Nyumba ina taa za umeme wa jua, za ule mwanga mweupe wa kibuluu, na chini yake kaki iligeuka jivu kila ilipofika saa moja jioni. Kwenye boksi la balbu huandikwa nambari yenye herufi K mwishoni. Zilizokuwapo zilisomeka 6,500. Tulipotia za 2,700, ambazo mwanga wake unakaribia ule wa balbu za zamani, ukuta ulirudi kuwa mkate. Bei ilitofautiana kwa kiasi kidogo tu, na kwa ushauri wangu hili lingefanywa kabla ya kununua hata brashi.

Zamu ya Mama ilifika. Alipasuliwa jicho la kulia, lenzi yenye ukungu ikatolewa na ya plastiki ikawekwa, na siku ya pili bendeji ikafunguliwa. Nilimrudisha nyumbani mwenyewe. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mbele muda mrefu hata nikaogopa.

"Mmepaka tena nilipokuwa hospitali?" aliuliza.

Nikamwambia hapana, hakuna aliyegusa kitu. Hakuniamini. Kisha akafunika jicho la kushoto kwa kiganja, akatazama. Akafunika la kulia, akatazama. Akarudia mara tatu au nne, akaanza kucheka peke yake. Kwa jicho jipya, alisema, ukuta ni chai yenye maziwa mengi. Kwa jicho la zamani ni chai ya rangi. Daktari alitueleza baadaye kwamba lenzi ya uzeeni huingia umanjano, hata ukahawia, na huuzuia mwanga wa buluu, taratibu kiasi kwamba mwenyewe hajui. Ikitolewa, buluu hurudi kwa ghafla na kila kitu huonekana kimeoshwa. Mchoraji Claude Monet alipasuliwa jicho lake la kulia mwaka 1923, akayaona hayo hayo. Ina maana kwamba kwa miaka ile yote Mama alikuwa na kaki ndani ya macho yake, nasi tukamwongezea nyingine ukutani.

Nilimuuliza kama anataka fundi aje aikoleze. Dada yangu alishauri tuirudishe nyeupe, isiyong'aa safari hii, kwa kuwa sababu ya mwanzo imekwisha. Mama alisema jicho la kushoto bado lina zamu yake, na kwamba atakapokuwa na yote mawili atachagua mwenyewe, mchana na usiku, asubuhi na jioni, wala asisumbuliwe. Vile vibao vitatu amevitaka. Viko nyuma ya mlango wa chumba chake, vimeegemezwa ukutani, na wajukuu wamekatazwa kuvigusa.